Namna ya Kumtazama Malkia kwenye Filamu: Nguo, Keki, na Huruma Inavyotengenezwa

Filamu za kifalme zina hila moja kubwa. Zinamchukua mtu ambaye, kama ungeishi zama zake, ungekuwa unamlipia kodi huku watoto wako wakilala njaa, kisha ndani ya saa mbili zinakufanya umwonee huruma kuliko jirani yako. Mwongozo huu ni wa kuiona hila hiyo ikifanya kazi, bila kukuharibia raha ya kutazama.

Nimechagua filamu moja tu ya kujifunzia: Marie Antoinette ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Sofia Coppola, Kirsten Dunst akiwa malkia huyo wa Ufaransa wa karne ya 18. Nimeichagua kwa kuwa nguo zake zinazungumza kuliko watu wake, na kwa kuwa ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes wapo waliozomea na wapo waliopiga makofi. Filamu inayowagawa watu namna hiyo huwa na kitu cha kuchokonoa.

Maandalizi

Tafuta nakala isiyotiwa sauti ya juu. Filamu zilizotafsiriwa na maDJ zina utamu wake, na kwa filamu za ngumi sina neno. Lakini hii ina sehemu ndefu zisizo na mazungumzo kabisa, watu wanakula tu, wanavalishwa tu, wanatembea tu. DJ akiujaza ukimya huo kwa maneno yake, nusu ya filamu imekwenda. Kama Kiingereza kinakusumbua, maandishi ya chini yatakutosha.

Panga kuitazama mara mbili. Mara ya kwanza starehe tu, usiandike chochote. Mara ya pili kaa na daftari na rimoti. Hatua zinazofuata ni za mara ya pili, isipokuwa ya kwanza, ambayo uifanye kabla hujabonyeza kitu.

Hatua ya 1: Andika hukumu uliyokuja nayo

Mistari mitatu inatosha. Unamjua Marie Antoinette kwa lipi? Wengi wataandika kwamba ndiye yule aliyeambiwa watu hawana mkate akajibu basi wale keki.

Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kusema hivyo. Maneno hayo yamo katika Maungamo, kitabu cha mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, ambaye anayaweka kinywani mwa binti mfalme asiyetajwa jina. Sehemu hiyo iliandikwa katika miaka ya 1760, huyu wetu akiwa bado mtoto kwao Austria. Hata keki yenyewe si keki, ni brioche, mkate laini wa siagi na mayai.

Sasa angalia filamu inavyoanza. Malkia amejilaza kwenye kiti kirefu, mjakazi yuko miguuni akimvisha kiatu, keki za waridi zimemzunguka. Anapitisha kidole kwenye krimu, anakilamba, kisha anageuka kukutazama wewe. Anajua ulichokuja kukiona. Ameanza kwa kukupa shutuma nzima kwenye sahani ili baada ya hapo akuonyeshe mtu mwingine. Kama hukuandika hukumu yako mapema, hutajua ilibadilika dakika ya ngapi.

Hatua ya 2: Jiwekee tarehe chache pembeni

Filamu haikazii miaka, kwa hiyo ni rahisi kupotea. Alizaliwa Vienna Novemba 1755, mtoto wa 15 kati ya 16 wa Maria Theresa, mtawala wa Austria. Aliolewa Versailles, kasri ya wafalme wa Ufaransa, Mei 1770, ana miaka 14, bwana harusi 15. Mei 1774 Mfalme Louis wa 15, babu wa bwana harusi, alikufa kwa ndui, na hao wawili wakawa mfalme na malkia wakiwa bado hawajafikisha miaka 20. Ndoa haikukamilika kitandani kwa takriban miaka 7. Mtoto wa kwanza alizaliwa Desemba 1778. Oktoba 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yameanza, umati ukawatoa Versailles. Mfalme alikatwa kichwa kwa gilotini Januari 1793, yeye Oktoba mwaka huo huo.

Zibandike ukutani, uendelee.

Hatua ya 3: Uliza kamera inalala kwa nani

Hii ndiyo hatua inayofungua nyingine zote. Huruma kwenye filamu haitokani na wema wa mhusika. Inatokana na muda unaotumia ukiwa upande wake. Ukikaa chumbani na mtu, ukamwona akingoja, akichoka, akipiga miayo, utaanza kumtetea hata kama ni mwizi.

Simamisha kwenye onyesho la makabidhiano mpakani. Binti anatoka Austria kwa gari la farasi. Kwenye kisiwa katika mto Rhine, karibu na Strasbourg, anaingizwa kwenye jengo lililojengwa kwa ajili ya shughuli hiyo. Anavuliwa kila uzi wa kwao na kuvishwa nguo za Kifaransa. Kwenye filamu hata mbwa wake mdogo anachukuliwa. Kihistoria makabidhiano yalikuwepo kweli, mkataba kati ya dola mbili. Kamera haikuonyeshi mkataba. Inakuonyesha mgongo wa msichana aliye uchi mbele ya watu asiowajua. Kuanzia hapo umekwisha kununuliwa, na bado hujafika Versailles.

Halafu fanya zoezi hili: kila mtu asiye na cheo anapofungua kinywa, weka alama kwenye daftari. Utaona wajakazi wanabeba, wanafunga, wanainama. Watu wa Paris hawaonekani mpaka mwishoni kabisa, nao wanakuja kama kelele, mienge na zana za shamba gizani. Hakuna hata mmoja anayepewa uso wa kukumbukwa. Coppola amefanya hivyo kwa makusudi, ili ujue kile tu alichokijua malkia. Unaweza kuupenda uamuzi huo, mimi naupenda. Lakini uandike kwenye daftari kama uamuzi wa mtu, maana hakuna aliyeulazimisha.

Hatua ya 4: Soma nguo

Aliyekulia kati ya watu wanaovaa kanga ana mwanzo mzuri hapa, kwa sababu tayari anajua kwamba mtu anaweza kuivaa kauli yake akapita nayo mlangoni kwa mbaya wake bila kusema neno. Tofauti ni kwamba nguo za filamu hazina maandishi. Zinasomwa kwa kulinganisha: alivaa nini jana, wenzake wamevaa nini leo, ukuta una rangi gani.

Mbunifu wa maleba haya ni Milena Canonero, aliyeshinda Oscar kwa kazi hii. Gawa rangi zake katika vipindi. Mwanzo kuna buluu iliyofifia na weupe, msichana hana rangi yake mwenyewe, amepakwa ya wengine. Katikati zinakuja rangi za peremende: waridi, kijani cha pistachio, manjano ya limau. Hizo zinafika pamoja na viatu, kamari, shampeni na nywele zilizopandishwa kama mnara. Tazama zinaanza baada ya nini. Zinaanza baada ya mke wa shemeji yake kuzaa mtoto wa kiume wakati yeye bado tumbo tupu na kasri nzima inamhesabia miezi. Ununuzi ule ni kilio kilichovaa utepe.

Kabla ya hapo kuna onyesho moja ambalo wengi hulipita. Anasoma barua ya mama yake, barua ya kumsuta kwamba bila mimba nafasi yake haina usalama. Amesimama ukutani, gauni lake la maua, na ukuta nao wa maua. Nguo inataka kumezwa na ukuta. Rudisha nyuma ulitazame tena. Hakuna mtu anayesema kwamba binti huyu amegeuzwa pambo la nyumba, na hakuna haja ya kusema.

Kisha inakuja nguo nyeupe ya melimeli. Baada ya kuzaa, malkia anahamia Petit Trianon, nyumba ndogo aliyopewa na mumewe mwaka 1774, anaokota mayai, anasoma kwenye majani, anavaa gauni jepesi lisilo na fremu ya kulitanua. Kwa macho yetu ya leo nguo ile inasema uhuru, usafi, mama na mtoto. Filamu inataka uisome hivyo.

Watu wa wakati ule waliisoma kinyume. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha picha ya malkia akiwa na gauni la aina hiyo kwenye maonyesho ya Paris, na kukazuka fedheha. Malkia anaonekana amevaa shumizi! Wengine walilalamika kwamba anaisaliti hariri ya Lyon, iliyolisha maelfu ya wafumaji, kwa kitambaa cha pamba kutoka nje. Picha iliondolewa, ikachorwa nyingine, pozi lile lile na ua la waridi mkononi, safari hii akiwa na gauni la hariri. Kwa hiyo vazi moja lina maana mbili, moja ya mtazamaji wa leo na moja ya raia wa 1783. Filamu imekupa ya kwanza na kuificha ya pili. Kila ukiona nguo kwenye filamu ya zamani, iulize maana zote mbili.

Mwishoni rangi zinazama kwenye giza la msiba. Hapo tazama picha ya ukutani, malkia na watoto wake. Kwanza kuna kichanga kitandani. Picha inatolewa, inarudi, na kitanda ni kitupu. Binti yake Sophie alikufa mwaka 1787 kabla hajatimiza mwaka mmoja, na mchoro wenyewe, wa Vigée Le Brun huyo huyo, upo Versailles hadi leo ukiwa na kitanda kisicho na mtoto. Kifo kizima kimeelezwa kwa fremu mbili. Ndiyo sababu usitazame huku unachezea simu.

Hatua ya 5: Hesabu yanayojirudia

Alama haiwi alama mpaka irudi. Chagua mambo matatu uyafuate.

La kwanza ni kuvalishwa asubuhi. Mara ya kwanza anasimama uchi akitetemeka huku shumizi ikipita mikononi mwa wanawake kwa kufuata vyeo. Kila anapoingia aliye mkubwa zaidi, heshima ya kuishika inahamia kwake, na mwenye mwili anazidi kungoja. Kisa hiki kimesimuliwa na Madame Campan, aliyemtumikia malkia, katika kumbukumbu zake. Filamu inarudia asubuhi hizo kwa muziki ule ule, kila mara kwa kasi zaidi, mpaka unachoka wewe mwenyewe. Ukichoka, imefanikiwa.

La pili ni makofi. Siku za mwanzo, kwenye opera, anapiga makofi mahali ambapo desturi hairuhusu, na ukumbi mzima unamfuata. Baadaye sana anapiga tena, ukumbi ule ule, na hakuna mkono unaoinuka. Hapo ndipo mapinduzi yanapoanza kwenye filamu hii. Hakuna bunduki, hakuna hotuba, ni mwanamke mmoja anayesikia viganja vyake peke yake.

La tatu ni chumba cha kulala. Pale mume na mke walilazwa mbele ya watu. Pale asubuhi kila mwenye cheo alikuwa na haki ya kuingia. Hata kuzaa kulikuwa na watazamaji, na hilo ni la historia, halikutungwa. Fremu ya mwisho ya filamu inaonyesha chumba hicho kimevunjwavunjwa, taa ya vioo ipo sakafuni. Chumba hakikuwahi kuwa cha faragha. Walioingia safari hii ni wale tu ambao hawakuwa kwenye orodha.

Hatua ya 6: Usikimbilie kucheka raba

Katikati ya viatu vya hariri utaona, kwa sekunde moja, raba za Converse. Mtandaoni hazikosekani mabishano kama lile ni kosa. Si kosa, kama vile gitaa za bendi za miaka ya 1970 na 1980 zinazosikika kwenye sherehe si kosa. Zinakukumbusha kwamba huyu ni kijana wa miaka 18 aliyepewa pesa za nchi. Inatosha, usitumie nusu saa kulijadili.

Hatua ya 7: Tafuta kilichoachwa nje

Andika orodha mbili. Ya kwanza ni ya mambo yaliyoachwa ambayo yangemwongezea huruma: jaribio la kutoroka lililokwamia Varennes Juni 1791, gereza, mwana kunyang'anywa mikononi mwake, kesi, gilotini. Vyote havimo. Mara ya mwisho tunamwona garini akiiaga Versailles, Oktoba 1789. Mwongozaji aliyetaka machozi ya bure angekwenda moja kwa moja kwenye kile kisu. Huyu ameikataa huruma ya damu akachagua huruma ya upweke na uchovu, na kwangu hilo ndilo jambo la ujasiri zaidi alilofanya.

Orodha ya pili ni ya yaliyoachwa ambayo yangempunguzia. Hii ni ndefu zaidi. Mavuno yaliharibika mwaka 1788 na bei ya mkate ikapanda mpaka ikameza sehemu kubwa ya kipato cha kibarua. Wanawake wa masoko ya Paris walitembea karibu kilomita 20 kwenye mvua tarehe 5 Oktoba 1789 kudai mkate, na filamu haikuwapa hata jina. Kwa upande mwingine, uwe mwadilifu. Matumizi ya kasri yote mwaka 1788 yalikuwa takriban asilimia 6 ya matumizi ya serikali, na karibu nusu ilikwenda kulipa madeni, mengi yakiwa ya vita, ikiwemo ya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Filamu inagusa hilo kwa sekunde chache, mawaziri wakimweleza mfalme kuhusu Marekani, naye anaitikia kama mtu anayeagiza chai. Viatu havikuifilisi Ufaransa. Vilikuwa tu vinaonekana, madeni hayaonekani.

Na sisi wa pwani hii tuna mstari wetu kwenye orodha ya pili. Septemba 1776, Marie Antoinette akiwa na miaka miwili tu ya umalkia, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piastra 20, sarafu za fedha za zama zile, kwa kichwa. Walikuwa wa kupelekwa hasa Île de France na Bourbon, visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion, ambako bendera ya mfalme yule yule ilipepea na mashamba yalihitaji mikono. Upande wa pili wa dunia, Saint-Domingue, ambayo sasa ni Haiti, ilikuwa koloni linaloongoza kwa sukari, nalo likiendeshwa kwa utumwa. Sisemi kwamba sukari ya keki ile kwenye fremu ya kwanza ilitoka kwa mtu wa Kilwa. Nasema ile keki ina sukari, na kuna mtu aliyeikata miwa.

Usiitumie hatua hii kuivunja filamu. Nimeona watu wakifanya hivyo: wakishajua kuhusu watumwa, basi malkia hana tena haki ya kulia mtoto wake. Hesabu haifanyiki hivyo. Mama aliyefiwa ni mama aliyefiwa, na mkataba wa Kilwa ni mkataba wa Kilwa. Viandike kwenye ukurasa mmoja, kimoja kisifute kingine. Sultani wa Kilwa naye alikuwa mtu wa kasri, na siku ukitengenezewa filamu yake yenye nguo nzuri na kamera ya karibu, utamwonea huruma pia. Jiandae.

Hatua ya 8: Rudi kwenye hukumu yako

Chukua ile mistari mitatu ya mwanzo. Chini yake andika unavyomwona sasa, kisha, hapa ndipo penye kazi, taja onyesho hasa lililokubadilisha na kifaa kilichotumika: mgongo, ukuta wa maua, makofi, kitanda kitupu. Ukishindwa kulitaja onyesho, bado huruma yako ni ya kuazimwa. Rudi kwenye hatua ya 3.

Kama unatazama na wenzako, mgawane. Mmoja afuate nguo, mwingine chakula, mwingine awahesabu wasiozungumza. Mabishano yatakuwa matamu zaidi kuliko kila mtu kusema filamu ilikuwa nzuri au ilikuwa polepole. Na atakuwepo wa kusema ilikuwa polepole, huyo muulize alichoka onyesho la ngapi, huenda amegundua jambo.

Hatua ya 9: Jaribu kwa filamu nyingine

Ukiishikilia njia hii kwa filamu moja tu utaisahau. Chukua The Favourite ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Yorgos Lanthimos, kuhusu Malkia Anne wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 18. Ina sungura 17 chumbani kwa malkia. Kihistoria Anne alipata mimba 17 na hakuna mtoto aliyefika utu uzima, ila sungura ni wa kutungwa. Tofauti na Coppola, hapa malkia mwenyewe anakueleza maana ya sungura kwa kinywa chake. Andika aliyasema hayo kwa nani, msikilizaji alikuwa anatafuta nini kwake, na huruma uliyoipata pale ilimnufaisha nani kati yao wawili. Baada ya hapo mfuatilie sungura mmoja mpaka karibu na mwisho wa filamu, uone kiatu cha nani kinamkanyaga.